Runinga ya OLED au Mini-LED kwa sebule yenye dirisha kubwa?

Ndugu, kwa sebule uliyoieleza hapo Ntinda, Kampala (kochi mita 2.7 kutoka ukutani, dirisha kubwa bila pazia zito, mpira mchana na habari jioni), chukua runinga ya Mini-LED (yenye taa ndogo nyingi nyuma ya kioo) ya inchi 65. Kwa umbali huo inchi 55 utaiona ndogo kabla mwezi haujaisha.

OLED (kila nukta ya kioo hutoa mwanga wake yenyewe) ina weusi usio na mfano gizani, lakini jua la saa tisa likiingia, Mini-LED huishinda kwa mwangaza. Halafu nembo ya stesheni na ubao wa magoli vikikaa pale pale saa nyingi kila siku, OLED huweza kubaki na alama isiyofutika. Tena OLED nyingi hujisafisha zenyewe ili kuzuia alama hizo baada ya kuzimwa kwa rimoti, zikiwa bado kwenye umeme. Ukizoea kuzima swichi ya ukutani kila usiku, kazi hiyo haifanyiki na alama huja mapema.

Hakikisha paneli (kioo chenyewe) ni ya hezi 120 halisi, yaani picha hubadilika mara 120 kwa sekunde, la sivyo mpira unaweza kuacha mkia.

Dukani nenda na flashi yenye picha ya kijivu tupu, uijaze kioo kizima. Ukiona madoa au mistari, omba nyingine. Uwanja wa nyasi utayaonyesha hayo kila kamera ikigeuka.

Tenga pesa ya kilinda umeme kinachosubiri dakika chache umeme ukirudi. Bila hicho usiichomeke.