Namba ya Nyumba Haikufikishi Mlangoni

Msomaji ameuliza kwa nini programu ya ramani ilimpeleka nyuma ya jengo, kwenye ukuta mtupu, ilhali anwani aliiandika sawasawa. Mara nyingi alama ya ramani huwekwa katikati ya jengo au ya kiwanja, wala si mlangoni. Programu hukuongoza hadi barabara iliyo karibu zaidi na alama hiyo, hata kama ni kichochoro cha nyuma. Penye majengo marefu hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu mawimbi ya setilaiti hugonga kuta kabla ya kufika kwenye simu, na nukta yako ikarukia ng'ambo ya barabara. Simu ikufikishe mtaani tu. Ukifika, inua macho usome namba.

Namba nazo zina utaratibu wake, na kila mji una wake. Katika miji mingi ya Ulaya na Marekani, namba witiri zina upande wake wa barabara na shufwa upande wake. Paris, barabara inayotoka mto Seine huhesabiwa kuanzia mtoni, na inayoambaa na mto hufuata mkondo wa maji. Huko 14 bis ni mlango mwingine, si 14. Chicago huanza kuhesabu kwenye makutano ya barabara za State na Madison, namba 800 kwa kila maili, hivyo 1600 North ni maili mbili kaskazini. Washington ina herufi NW, NE, SW na SE, za sehemu nne za mji. Ukiziacha, unaweza kupelekwa sehemu nyingine kabisa ya mji penye barabara ya jina hilohilo na namba hiyohiyo. Nasisitiza: nakili anwani yote, hata kile kiherufi unachokiona hakina kazi. Florence, namba yenye "r" ni ya rangi nyekundu, ya maduka na biashara. Namba hiyohiyo isiyo na "r" ni ya makazi, na inaweza kuwa mbali kidogo.

Berlin huwachanganya wengi. Katika baadhi ya barabara za zamani namba hupanda upande mmoja hadi mwisho wa barabara, kisha hugeuka na kurudi kwa upande wa pili, kwa hiyo nyumba ya 10 inaweza kutazamana na ya mia na kitu. Usitembee kwa kukisia. Kibao cha jina la barabara pale kwenye kona mara nyingi huonyesha pia namba za kipande hicho.

Japani ni somo lake peke yake, maana barabara nyingi hazina majina kabisa. Anwani kama 2-11-3 husomwa kutoka eneo kubwa kwenda dogo: sehemu ya pili ya kitongoji, bloku ya 11, jengo la 3. Katika maeneo mengine majengo yalipewa namba kwa mpangilio wa kuandikishwa, kwa hiyo la 3 si lazima lipakane na la 4. Uliza kwenye kituo kidogo cha polisi cha mtaani, kiitwacho koban. Kuelekeza watu ni sehemu ya kazi yao. Na kabla ya kushuka kwenye treni, jua namba ya mlango wa kutokea stesheni. Shinjuku ina milango zaidi ya 200, na ukitokea usiostahili unaweza kutembea dakika nyingi ukizunguka stesheni yenyewe.

Sasa mlango. Usione haya kumuuliza mwenyeji maswali haya kabla ya safari: mlango unatazama barabara gani, ngazi ipi, kengele ina jina la nani, kuna namba ya siri, ghorofa ya ngapi? Ujerumani kengele nyingi huandikwa jina la ukoo, si namba ya chumba, kwa hiyo bila jina la mwenye nyumba utasimama nje hata ukiwa na anwani kamili. Vienna, 12/3/15 ni nyumba ya 12, ngazi ya 3, mlango wa 15. Ghorofa ya kwanza Uingereza iko juu ya ile ya chini, lakini Marekani ndiyo hiyo ya chini. Katika majengo ya zamani ya Barcelona, ghorofa ziitwazo entresuelo na principal huweza kutangulia ghorofa ya 1, hivyo "ya tatu" ikawa ngazi nyingi kuliko ulivyotarajia.

Majibu hayo yaandike kwenye karatasi, pamoja na anwani kwa maandishi ya wenyeji kama hawatumii herufi zetu, maana dereva wa teksi anaweza kushindwa kusoma zako. Pakua ramani ya mji mapema, usitegemee intaneti ya barabarani. Ukifika usione mlango, zunguka jengo mara moja ukitafuta paneli ya kengele. Ukikuta lango la kuingilia uani, jaribu humo: Berlin na Vienna nyumba nyingi ziko nyuma, na huingiwa kwa kupitia jengo la mbele.