Re: Popo wa Pemba bado wapo?

Mkuu umeuliza kama wale popo wakubwa wa Pemba bado wapo au walishaliwa wote, wapo sana tu, ila kidogo tuwapoteze. Miaka ya 80 mwishoni walibaki wachache mno, misitu ishakatwa kwa mashamba ya mikarafuu na watu wanawapiga bunduki wapate kitoweo, na mama popo anazaa mtoto mmoja tu kwa mwaka sasa hapo wataongezeka saa ngapi? Baadae wanavijiji wenyewe wakaanzisha klabu za kuwalinda, ndo leo wanahesabika kwa maelfu, na kimataifa wametolewa kwenye daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Ukienda nenda Kidike, kijiji huko huko Pemba wanapolindwa, unalipa kiingilio kinabaki kijijini. Utawakuta mchana wamening'inia kichwa chini wamejifunika mbawa kama mtu kajitanda kanga, uso kama mbweha, manyoya mekundu mekundu. Akipata embe anafyonza maji makapi anatema. Mbawa zikikunjuliwa ni kama mita 1.6, yani mrefu kuliko bi mkubwa wangu. Na hawapatikani kokote duniani ila Pemba, hata Unguja hamna.