Dodoso Lililoishia kwenye "Nzuri"

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja hapa Moshi, na ni Waziri wa Malazi na Chakula katika serikali ya wanafunzi. Muhula uliopita tulitaka kuupelekea uongozi wa chuo hoja yenye takwimu kuhusu hali ya hosteli. Tulitengeneza fomu ya mtandaoni tukaituma kwenye makundi ya WhatsApp ya madarasa siku ya Ijumaa jioni, na hadi Jumapili usiku tulikuwa na majibu 212, katika chuo chenye wanafunzi wapatao 4,000. Ili mtu asijaze mara mbili, tulimtaka kila mmoja aandike namba yake ya usajili. Swali kuu lilikuwa: "Je, unaridhika na huduma za malazi na chakula?" Watu 171 walijibu "Ndiyo". Tulishangaa, kwa sababu malalamiko tunayapokea kila siku, na uongozi ulipoyaona matokeo ulituambia kwa upole kwamba tumejijibu wenyewe. Tulikosea wapi, na tukitaka kurudia tufanyeje? Waziri wa Malazi, Moshi.

JIBU: Ndugu Waziri, kosa la kwanza limo katika jinsi tunavyosalimiana. Mtu akikuuliza habari za nyumbani, hata kama usiku kucha ulikuwa ukiuguza, utajibu "nzuri" kwanza, kisha utavuta pumzi na kusema, "ila mtoto ameamka na homa." Ile "nzuri" si uongo, bali ni adabu ya kufungulia mazungumzo, na mwenye kuuliza amefundishwa tangu utotoni kuingojea "ila". Dodoso lenu liliuliza habari, likapokea "nzuri", likaaga na kuondoka. Tena neno mlilolichagua limewazidishia taabu, kwa kuwa kuridhika katika Kiswahili ni zaidi ya kipimo cha huduma: ni tabia njema, na mtoto aliyelelewa vizuri huambiwa aridhike na alichopewa. Anayeandika "siridhiki" anaweza kuona kwamba anakiri kasoro yake mwenyewe badala ya kasoro ya bweni.

Pili, mmeuliza mambo mawili kwa pumzi moja. Anayelala pazuri na kula vibaya ajibu nini? Atachagua lile lililo karibu na moyo wake siku hiyo, nanyi hamtajua ni lipi.

Dawa yake ni kuacha kuuliza hisia za jumla na kuuliza yaliyotokea, mkitaja muda. "Katika siku saba zilizopita, ni siku ngapi maji hayakutoka kabisa katika bafu unalotumia?" Hapo mhojiwa hana haja ya kuwa na adabu wala ya kulalamika, anahesabu tu. "Jana ulikula milo mingapi, na kila mmoja uliula wapi?" "Usiku wa kuamkia leo, chumba ulicholala kilikuwa na vitanda vingapi na watu wangapi?" Baada ya maswali kama haya matano au sita ndipo muweke lile la maoni, na chini yake mwache mistari mitatu mitupu iliyotanguliwa na maneno "Hata hivyo, jambo moja linalonisumbua ni…". Huko ndiko "ila" itakakoketi. Mwandike kwa Kiswahili, hata kama mihadhara yenu ni ya Kiingereza, kwa sababu shida za bafuni hazisimuliwi kwa lugha ya mtihani. Kabla ya kuisambaza fomu, wapeni wanafunzi kumi hivi waisome kwa sauti mbele yenu, wakieleza kila swali wamelielewaje; mtashangaa.

Sasa niingie katika jambo lililowaponza zaidi, nalo ni nani aliyejibu. Mmeituma fomu Ijumaa jioni, saa ambazo wenye kwao Rombo, Machame na Marangu wengi wako kwenye gari wakielekea nyumbani, na mkaifunga Jumapili usiku. Aliyeishiwa bando hakuiona. Wa mwaka wa kwanza ambao hawajaingizwa kwenye makundi hawakuiona. Waliopanga vyumba mtaani, Soweto, Pasua au Rau, huenda waliiona wakaipita wakidhani ni habari ya mabweni peke yake, ilhali hao ndio wangeweza kuwaeleza kwa nini waliyakimbia mabweni. Kwa hiyo 171 wenu ni 171 kati ya waliokuwepo, waliokuwa na bando na waliokuwa na moyo wa kujibu, na hakuna hesabu inayoweza kuwageuza kuwa sauti ya wanafunzi 4,000.

Msidhani kwamba mngepata majibu mengi zaidi mngepona. Mwaka 1936 jarida moja la Marekani, Literary Digest, lilituma karatasi za maoni kwa watu wapatao milioni 10 kuhusu uchaguzi wa rais, likapokea zaidi ya milioni mbili, likatangaza kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Jarida hilo lilikuwa limetegemea sana orodha za wenye simu na wenye magari, katika miaka ya dhiki kubwa ya uchumi, na hata kati ya hao waliojitaabisha kurudisha karatasi hawakufanana na walionyamaza. George Gallup, aliyehoji watu wachache mno kuliko hao lakini akawachagua kwa uangalifu, alimtaja mshindi wa kweli.

Basi nendeni kwa Mshauri wa Wanafunzi mkaombe, kwa barua, orodha ya wanafunzi wote waliosajiliwa. Kanuni ya Yamane, ambayo wanafunzi wetu huinukuu katika karibu kila pendekezo la utafiti, inasema mgawanye idadi ya watu wote kwa moja jumlisha idadi hiyo mara kipeo cha pili cha kosa mnalolivumilia; kwa watu 4,000 na kosa la asilimia 5 mnapata 4,000 gawanya kwa 11, yaani 364. Mkichukua kila jina la kumi katika orodha, mkianzia namba iliyookotwa kwa kura kati ya moja na kumi, mtapata majina 400, na hapo mna akiba ndogo ya watakaokosekana. Kisha wafuateni hao 400, si wengine: pigeni simu, gongeni milango, rudini mara ya tatu. Asiyepatikana asibadilishwe na rafiki aliyekaa kitanda cha jirani, maana rafiki huyo amepatikana kwa sababu yuko chumbani, na mnatafuta pia wasiokaa chumbani. Nanyi mkumbuke kwamba 364 inatosha kusema juu ya chuo kizima tu. Mkitaka kulinganisha hosteli na hosteli, hesabu hiyo haiwatoshi.

Mchague pia wiki. Mkiuliza habari za chakula katika siku ambazo bumu, yaani fedha za kujikimu za Bodi ya Mikopo, limeingia, mtaambiwa watu wanakula chipsi kuku. Mkiuliza wiki mbili kabla ya bumu lijalo, mtaambiwa uji. Ningekuwa mimi, ningeuliza nyakati zote mbili, nusu ya majina yaliyochaguliwa wakati huu na nusu wakati ule.

Kuhusu namba ya usajili, hapo ndipo wengi walipowafungia mlango. Katika hosteli zenu, kama kwingine, nina hakika wapo wanaobebana, yaani mwenye kitanda humlaza mwenzake asiyepangiwa, na anayebebwa hawezi kuandika namba yake na kukiri kwamba wanalala wawili kitanda kimoja kinyume cha kanuni. Orodha ya kuweka alama kwamba fulani amejibu ikae peke yake, na majibu yakae peke yake, bila kitu cha kuviunganisha.

Kwa swali lenyewe la kubebana iko njia nzuri zaidi. Mwaka 1965 mwanatakwimu Stanley Warner alionyesha kwamba mnaweza kumuuliza mtu jambo la aibu, akajibu kwa ukweli, na bado msijue amesema nini juu yake mwenyewe. Namna iliyo nyepesi, iliyokuja baadaye, ni ya sarafu. Mpeni mhojiwa sarafu ya shilingi 100, airushe akiwa amewapa mgongo. Ikiangukia upande wenye sura ya kiongozi, aseme "Ndiyo" bila kujali ukweli. Ikiangukia upande wa wanyama, ajibu kweli kama muhula huu aliwahi kubebwa au kumbeba mwenzake. Mkisikia "Ndiyo" hamjui kama ni ya sarafu au ya kitanda. Lakini kwa watu 400 mnatarajia karibu 200 wasukumwe na sarafu. Mkipata "Ndiyo" 260, zile 60 zinazobaki zimetoka kwa watu 200 waliojibu kweli, yaani yapata asilimia 30. Ni makadirio yenye ukungu kuliko swali la wazi, kwa kuwa sarafu nayo ina bahati zake, na inafaa kufanya mazoezi kwanza kwa swali lisilo na madhara ili mtu aone kwamba kweli hamumwoni. Hata hivyo ningeyachukua makadirio hayo kuliko sifuri safi mtakayoipata kwa kuuliza ana kwa ana.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Nasoma chuo kimoja Arusha, darasa letu lina watu 14 na wanawake tuko wawili. Mwisho wa muhula mhadhiri alitugawia fomu ya kumtathmini, isiyo na sehemu ya jina lakini yenye jinsia na umri, akasubiri mbele ya darasa akazikusanya mwenyewe, kabla ya mtihani. Niliweka "vizuri sana" kila mahali. Je, nilifanya vibaya? Dada wa Arusha.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hukufanya vibaya, ulijilinda, na aliyebuni utaratibu huo ndiye wa kuulizwa. Fomu isiyo na jina si lazima iwe ya siri. Jinsia inakupunguza kutoka watu 14 hadi wawili, umri unamaliza kazi, na mwandiko wako anaujua kutokana na majaribio. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusu taarifa za mtu anayeweza kutambulika, hata kama jina halikuandikwa. Katika darasa dogo kama lenu jinsia na umri visiulizwe kabisa, na desturi nzuri ya watafiti ni kutotoa matokeo ya kikundi chenye watu pungufu ya watano.

Msiwe na haya ya kuomba marekebisho kupitia kiongozi wa darasa, kwa barua fupi kwa mkuu wa idara, mapema kabla ya muhula kwisha: mhadhiri atoke nje wakati wa kujaza, majibu yawe ya kuweka alama, na maoni ya maneno yachapwe na ofisi kabla hajaonyeshwa. Fomu ziingie katika bahasha mbele yenu, kiongozi wa darasa aifunge kwa gundi, wawili kati yenu watie saini juu ya kifuniko, na bahasha ipelekwe ofisi ya uhakiki wa ubora, isifunguliwe mpaka matokeo ya mtihani yamebandikwa.