Nasoma Neno kila alfajiri, kisha nashika mizani iliyochezewa

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga mjini. Tangu kazi za kibarua za mume wangu zilegee, nauza kwenye duka la nafaka la shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, hapa Ngamiani. Kila alfajiri nasoma mstari wa siku na tafakari yake, kisha nautuma kwenye kikundi cha WhatsApp cha akina mama wa jumuiya yetu. Wanaupenda, hata wananiita mwalimu.*

*Juzi mstari ulikuwa Mithali 11:1, "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, Bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza." Nikautuma kama kawaida. Nilipofika dukani mkono ukawa mzito. Shangazi, chini ya sahani tunayowekea bidhaa kuna kipande cha chuma kimebandikwa kwa gundi. Siku moja nilipima paketi ya chumvi ya nusu kilo, ikabidi niongeze jiwe la gramu 50 upande wa pili ndipo mizani ikatulia. Nikamwuliza shemeji, akasema maduka yote ndivyo yalivyo, bila hivyo hatuli. Mume wangu ananiambia nisimwudhi kaka yake, maana ndiye anayewanunulia watoto sare za shule.*

*Kinachoniumiza zaidi ni bibi mmoja jirani yetu, Mwislamu, anayekuja kila jioni kununua robo ya maharage. Husema, "Nakuja kwako mwanangu kwa sababu wewe ni mtu wa sala." Dhambi hii ni yangu au ya mwenye duka? Na je, niache kutuma mistari? Najiona mnafiki.*

*Mama wa Ngamiani*

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja.

Nianze na huyo bibi, kwa sababu hesabu yake inaonyesha ubaya wa kile kipande cha chuma kuliko mahubiri yangu yoyote. Chuma kile kinakata gramu 50 zilezile kwa kila mtu, awe ananunua nyingi au kidogo. Mwenye hoteli akija kuchukua kilo tano kwa mkupuo, amepoteza sehemu moja ya mia, wala hatahisi. Anayenunua kilo moja amepoteza sehemu moja ya ishirini. Lakini bibi wa robo, aliyelipia gramu 250, anaondoka na 200. Moja ya tano ya chakula chake imebaki dukani. Kila jioni tano, jioni moja yote amelipa bure. Kwa mwezi mzima ni kilo moja na nusu ya maharage. Na tuseme kilo inauzwa shilingi 3,000: yeye mwenye kipato kidogo kuliko wote amekuwa akiinunua kwa shilingi 3,750 bila kujua. Mizani hiyo inamla maskini kwanza, na kadiri anavyonunua kidogo ndivyo inavyomla zaidi.

Ndiyo maana Mungu hakulichukulia jambo hili kuwa dogo. Fungua Walawi 19, usome sura yote, usisome mstari mmoja tu. Mstari wa 18 ndio ule tunaoufahamu sote, wa kumpenda jirani yako kama nafsi yako. Shuka taratibu hadi wa 35 na 36, utakuta vipimo: mizani ya haki, mawe ya haki, efa ya haki, hini ya haki. Efa ilikuwa ya nafaka, hini ya vitu vya majimaji kama mafuta. Yaani upendo wa jirani haujamaliza hata sura moja, tayari umefika sokoni na kusimama mbele ya mawe ya kupimia. Amosi naye, katika sura ya 8, anawasema wafanyabiashara waliokuwa wakingojea siku ya ibada ipite upesi ili warudi kupunguza kipimo na kuongeza bei. Walikuwa watu wa ibada, hawakukosa hata sabato moja.

Sasa swali lako, dhambi ni ya nani. Mwenye duka ndiye aliyebandika chuma, faida inaingia mfukoni mwake, na mzigo wake mbele za Mungu ni mkubwa kuliko wako. Lakini anayemwaga maharage kwenye sahani ni wewe, na anayesema "robo hii hapa, bibi" ni kinywa chako. Siwezi kukuambia kwamba haikuhusu. Nafsi yako inakusuta, na inakusuta kwa haki. Ningehofu zaidi kama ungeniandikia kwamba umeshazoea.

Najua kuna watakaokufariji kwa habari ya Naamani. Yule jemadari wa Shamu, baada ya kuponywa ukoma, alimwomba Elisha jambo moja: bwana wake anapoingia katika hekalu la Rimoni, mungu wao, na kuegemea mkono wake, na yeye akalazimika kuinama, BWANA amsamehe katika hilo. Elisha akamjibu, "Enenda kwa amani." Ni habari yenye huruma kweli kwa mtu aliye chini ya mkono wa mwingine, na mimi naipenda. Nimeisikia ikitumika mara nyingi kutuliza watu kazini. Ila angalia tofauti. Naamani alipoinama hakuna mjane aliyerudi nyumbani na chakula pungufu. Kuinama kwake kulimgharimu yeye mwenyewe. Kwako anayegharimika ni bibi wa robo, na hana habari. Kwa hiyo hapo Naamani hawezi kukusaidia.

Anayeweza kukusaidia ni Danieli, na hapa nakuomba unisikilize vizuri, kwa kuwa sitaki uende dukani kesho ukavunje mizani na kumpigia shemeji yako kelele mbele ya wateja. Danieli alikuwa kijana wa ugenini, anakula kwa mkono wa mfalme. Aliazimu moyoni kwanza asijitie unajisi kwa chakula cha mfalme, kisha akaomba kwa adabu aruhusiwe kutokila. Mkuu wa matowashi akamjibu kwamba anamwogopa mfalme, atakatwa kichwa. Danieli hakumtukana kwa woga wake. Alimwendea msimamizi wa chini, akapendekeza jaribio: siku kumi tu, kisha utazame mwenyewe. Aliona hofu ya yule mtu ni ya kweli, akaipa njia.

Shemeji yako naye ana hofu. Anaogopa kodi ya pango, anaogopa mwenye duka wa jirani atakayeuza kwa bei ya chini. Kwa hiyo ongea na hofu yake. Kwanza zungumza na mumeo usiku watoto wakishalala, umweleze hesabu ya bibi kama nilivyokueleza, kisha umwombe muende pamoja. Si desturi nzuri mke wa mdogo kumkabili shemeji mkubwa peke yake katika jambo zito, na ukimwacha mumeo nyuma utakuwa umewagombanisha ndugu. Mwendeeni nyumbani kwake, baada ya chakula, msimwendee dukani. Maneno yawe kama haya: "Shemeji, umetubeba, na Mungu anajua. Mimi nimeshindwa kuendelea na ile sahani ilivyo. Naomba siku kumi nipime sawasawa. Kama bei haitoshi, tuiandike bei mpya kwenye kibao kila mtu aione. Siku ya kumi tukae tupige hesabu." Kupandisha bei hadharani si dhambi. Mteja akiona ni ghali ataenda kwingine, ana hiari yake. Kwenye sahani iliyochezewa hiari hiyo ameibiwa.

Akikwambia maduka yote ndivyo yalivyo, mkumbushe pia kwa upole kwamba mizani ya biashara inapaswa kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka, na kuichezea ni kosa la jinai. Wakaguzi wakiingia, watamkuta nani nyuma ya meza? Watakukuta wewe. Hilo nadhani hata mumeo hajaliwaza.

Naye shemeji, umeniambia kwenye sehemu ya barua ambayo sikuichapa, anasali kanisa moja nanyi. Basi Mathayo 18:15 inamhusu: ndugu akikosa, nenda ukamwonye mkiwa peke yenu. Usilipeleke kwenye kikundi cha akina mama. Usilifanye ombi la sala lenye mafumbo, la "tumwombee ndugu mmoja mfanyabiashara," kwa maana Ngamiani kila mtu atajua ni nani kabla ya adhuhuri. Akikataa, ndipo mmtafute mzee mmoja anayemheshimu.

Na kabla ya mazungumzo hayo, yaani kuanzia kesho asubuhi? Usimpunje mtu mwingine. Mizani ikishatulia, weka jiwe la gramu 50 upande wa mawe na uongeze maharage mpaka itulie tena. Unampa mteja kilicho chake, hujaiba kwa shemeji. Ila usiifanye hiyo kuwa njia ya kudumu ya kujificha. Ni ya siku mbili tatu tu, hadi mzungumze, na katika mazungumzo mwambie kwamba umefanya hivyo.

Sitakuahidi kwamba mauzo yatapanda. Wapo wahubiri watakaokuahidi, na huwa wanakimbilia Luka 6:38, kipimo cha kujaa na kushindiliwa na kusukwasukwa hata kumwagika. Mstari huo tumezoea kuusikia wakati wa sadaka, lakini Yesu hapo anazungumzia kuhurumiana, kutohukumu na kusameheana, na anamalizia kwamba kipimo mpimacho ndicho mtakachopimiwa. Siku kumi za Danieli ziliisha vizuri, nyuso zao zikanawiri. Sura mbili mbele, rafiki zake watatu wanasimama mbele ya tanuri wakisema Mungu wao aweza kuwaokoa, bali kama si hivyo, hawataisujudia sanamu. Sura zote mbili ni za kitabu kimoja, na mwanamke anayepima sawasawa Ngamiani anazihitaji zote.

Kuhusu bibi. Zakayo alisema kama amemnyang'anya mtu kwa hila atamrudishia mara nne. Wewe huwezi kuwatafuta wateja wote, lakini bibi yupo, na nyumba yake unaijua. Mpelekee maharage, kilo mbili tatu kadiri utakavyoweza, kutoka mfukoni mwako. Na umwambie ukweli: "Bibi, mizani ilikuwa inakupunja, nami nilijua. Nisamehe." Usimtaje shemeji. Najua hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu utapoteza lile jina la mtu wa sala. Hata hivyo sidhani atashangaa sana. Bila shaka amesoma chuoni utotoni sura ile ya 83 ya Kurani, al-Mutaffifin, inayoanza kwa ole kwa wanaopunja vipimo. Katika jambo hili ninyi wawili mmefundishwa kitu kimoja tangu utoto, na anajua kwa nini umemjia.

Na mistari ya alfajiri? Usiache kusoma. Kutuma, pumzika kidogo. Yakobo anasema, "Lakini iweni watendaji wa neno, wala si wasikiaji tu, hali mkijidanganya nafsi zenu." Nimeona jambo hili kwa watu wengi wema: mtu akishautuma mstari kwa watu thelathini, moyo unahesabu kwamba ameshautenda. Pongezi zinaingia, mikono ya maombi inajaa kwenye simu, siku inaendelea. Basi kwa sasa baki na huo wa Mithali 11:1 wiki nzima. Alfajiri, baada ya kuusoma, jiulize: leo mstari huu utanikuta wapi, mbele ya nani? Jioni mwambie Mungu ilikuwaje, hata kama ilikuwa vibaya. Na usome sura nzima unakotoka mstari, kwa kuwa mstari wa siku hukatwa kutoka kwa majirani zake, na mara nyingi majirani ndio wanaotuambia unatutaka nini. Ukirudi kutuma, tuma. Hujawa mnafiki kwa sababu Neno limekuchoma. Mnafiki angefurahia kuitwa mwalimu na kulala usingizi.

La mwisho ni la riziki, kwa maana inawezekana shemeji akasema hapana na duka likafungwa kwako. Watoza ushuru walipomwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, hakuwaambia waache kazi, aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Kwa hiyo usikimbilie kuacha. Lakini uwe na mlango mwingine kabla ya siku ya kumi. Kaa na mumeo mhesabu mnaweza kuanza na shilingi ngapi. Akina mama wengi hapa mjini wanajitegemea kwa machungwa ya Muheza: unanunua gunia, unapanga mafungu juu ya turubai, mteja anahesabu kwa macho yake. Wengine wanakaanga mihogo jioni. Kama jumuiya yenu ina mfuko wa kukopeshana, zungumza na mweka hazina mapema, umwambie tu kwamba huenda ukahitaji mtaji mdogo. Na sare za watoto, waombe walimu wawapokee na zilezile za mwaka huu mpaka mjipange.

Mkishazungumza na shemeji, niandikie alivyojibu.

Shangazi