Jibu: Nijiandae vipi kabla ya kuanza uzamili wa utayarishaji wa tamthilia?

Hongera sana, dada. Umeuliza usome vitabu gani kabla masomo hayajaanza. Vitabu utapewa hukohuko chuoni. Muda huu kaa nyuma ya pazia.

Nenda Kenya National Theatre pale Harry Thuku Road, tafuta kikundi kilicho mazoezini, uombe kumfuata mtayarishaji, si waigizaji. Muombe akuonyeshe bajeti yake: kodi ya ukumbi, nauli za waigizaji, fundi wa taa, mabango, idhini ya mwandishi. Uliza hasa ni pesa gani hutoka kabla tiketi ya kwanza haijauzwa, maana hapo ndipo michezo mingi mizuri hufia.

Usivipite vikundi vinavyoigiza vitabu teule mashuleni. Wapo wanaovidharau, lakini mimi navienzi: mteja wao ni mwalimu, na simu moja ikipokelewa vizuri huleta basi zima la wanafunzi. Kuitafuta hadhira namna hiyo ni nusu ya kazi unayoenda kusomea.

Soma pia habari za Kamĩrĩthũ, Limuru, 1977. Wanakijiji walijijengea ukumbi wa wazi na kuigiza kwa Kikuyu, kisha serikali ikaupiga mchezo marufuku baada ya wiki chache. Ukumbi wenyewe ulibomolewa 1982.

Halafu chagua tamthilia moja unayoipenda kwa dhati, uiandikie bajeti na ratiba kana kwamba inapanda jukwaani mwezi ujao. Ukiiweka hapa, nitaipitia nawe mstari kwa mstari.