Kamera Kubwa ya Mlimani

SWALI: Nataka kamera kubwa ya filamu ya inchi 4 kwa 5, nipige milima. Nichukue ya reli au ya kukunja?

JIBU: Ya kukunja, ndugu yangu. Ya reli, yaani ile ambayo lenzi na filamu hukaa juu ya pau moja, hupinda na kusogea kila upande, raha tupu studioni, ila mgongoni ni adhabu. Milima haihitaji mbwembwe zote hizo: inamisha lenzi mbele kidogo tu, na ukali wa picha utaenea kuanzia mawe ya miguuni hadi kileleni. Kagua mvukuto kwanza, yaani ule mfuko wa mikunjo kati ya lenzi na filamu. Lenzi ya milimita 300 yenye muundo wa kawaida ikilenga mbali hutaka takriban milimita 300 za mvukuto. Ikilenga karibu, zaidi. Upepo utakuudhi, maana mvukuto huudaka kama tanga. Na picha utaiona kichwa chini, chini ya kitambaa cheusi. Mimi naipenda hivyo.