Nitamwambiaje mtaalamu kwamba simwamini?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 27, naishi Uyole, Mbeya. Ni mweka hazina wa kikoba chetu, ila siku ya kusoma hesabu sauti hukwama na mikono hutetemeka. Nasingizia mafua, daftari namwachia mwenzangu. Jumatatu nimepangiwa kuonana na mwanasaikolojia, na naona napoteza nauli tu. Maneno matupu yatanitoa hofu niliyozaliwa nayo? Dada ananitania eti nitaishia Mirembe. Niende?*

Marahaba mwanangu. Nenda, na hilo la nauli ukamwambie mtaalamu mwenyewe, mapema, kabla hamjafika mbali.

Nasema hivyo kwa sababu unachokiamini kabla ya kuanza kina uzito. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani, Safren, Heimberg na Juster, waliwafuatilia watu wenye hofu kama yako, ya kuwa mbele za watu, waliokuwa wakitibiwa kwa vikundi. Waliotarajia nafuu zaidi ndio walioelekea kuipata zaidi. Si uchawi. Tiba hii si maneno matupu, ni kazi: mara nyingi huchukua wiki 12 hadi 16, na kila wiki unarudi nyumbani na zoezi. Leo utaambiwa ukabishane bei sokoni Mwanjelwa watu wakisikia, kesho usome hesabu hata sauti ikitetemeka. Aliyekwisha kata tamaa hulifanya zoezi nusunusu, macho chini, halafu husema, "Si nilijua?"

Tazama hayo mafua yako. Kila ukiyasingizia unapumua, lakini hofu nayo inajipatia ushahidi kwamba bila mafua ungeumbuka. Hujawahi kuipa nafasi ya kushindwa.

Kuhusu kuzaliwa nayo: upole unaweza kuwa wako tangu utotoni, na hakuna anayetaka kukunyang'anya. Kushindwa kusoma hesabu ulizoziandika kwa mkono wako ni jambo jingine, na hilo hutibika.

Dada yako amenikera. Mirembe ni hospitali ya magonjwa ya akili, watu hutibiwa pale na kurudi makwao. Si tusi la kumtishia mtu anayetafuta msaada. Kama utani wake ndio unaokurudisha nyuma, usimwambie siku unayokwenda.

Sidai uwe na imani kubwa. Mwambie mtaalamu, "Nina mashaka, ila mazoezi nitayafanya." Muulize kila zoezi ni la nini. Na Jumatatu jioni ukijikuta bado unatetemeka, usihesabu kuwa imeshindikana. Siku hiyo mtakuwa mmefahamiana tu. Kikoba kijacho kikifika, nenda bila mafua, usome japo mstari wa kwanza, kisha uniandikie.